Mkono unaokaza katikati ya sebene: kisa cha mpiga gitaa la rithim

Usuli

Mpigaji wa kisa hiki nitamwita Kaka R., herufi ambayo haimo katika jina lake. Jina la bendi, ukumbi na mtaa nimeviondoa, na nimebadili mambo mawili matatu ya maisha yake ambayo hayahusiani na mkono. Nilimsomea kila kitu kabla ya kukiweka hapa, akaridhia.

Ana umri wa miaka 38. Anapiga gitaa la rithim katika bendi ya dansi Dar es Salaam, na ameshika gitaa tangu akiwa kijana wa shule. Bendi yao inapiga Ijumaa na Jumapili, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 7, pengine saa 8, na katikati kuna mapumziko mara moja tu. Asiyejua kazi ya rithim anaweza kudhani mzigo mkubwa uko kwa solo, kwa kuwa ndiye anayesikika akipanda na kushuka. Lakini solo ana nafasi ya kupumua kati ya kifungu na kifungu. Rithim hana. Sebene, yaani ile sehemu ya wimbo ya kucheza ambapo magitaa hutawala, likishachanganya, anarudia mchoro uleule wa sauti kwa dakika 8 au 10 bila kuacha hata pigo moja, maana juu ya mchoro huo ndipo wengine wote wanapokanyaga.

Mchana anaendesha bodaboda. Hilo aliniambia siku ya kwanza kabisa, nami nikaliacha lipite.

Mimi nafundisha gitaa na kutengeneza magitaa. Si daktari, na kuna mahali katika kisa hiki nilichelewa kulikumbuka hilo.

Tatizo lilivyoanza

Miezi mitatu kabla hajaja kwangu, gitaa alilolizoea liliharibika umeme wa ndani, bendi ikampa jingine lililokuwa limelala stoo. Siku hizohizo duka analonunulia nyuzi liliishiwa seti nyepesi, zile zinazoanza na waya namba 10 (namba ni kipimo cha unene). Alichopata ni seti inayoanza na 12. Akaifunga, akapanda jukwaani.

Mwanzo ilikuwa uchovu tu. Baada ya wiki kadhaa mkono wa kushoto ukaanza kukaza kwenye wimbo mmoja, ule wenye sebene refu linaloshikwa kwa kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita. Alinieleza hivi: kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo, kinakuwa kigumu kama mpini wa jembe, kidole gumba kinaganda nyuma ya shingo ya gitaa na hakibanduki, kisha vidole vya pete na kidogo havisikii tena amri. Usiku mmoja ilibidi auondoe mkono kwa kuuvuta na mkono wa kulia, watu wakiwa wanacheza. Mpiga besi aliona, akajaza pengo. Kiongozi wa bendi naye aliona.

Ushauri ulimiminika. Mmoja alimwambia gitaa linataka msuli, akanunua mpira wa kuminya na kuuminya kutwa akisubiri abiria kijiweni. Mwingine alimwambia ni upungufu wa chumvi na madini, ale ndizi na anywe maji mengi. Akachua kigasha kwa dawa ya kuchua hadi ngozi ikababuka, akakifunga bandeji ngumu wakati wa kupiga. Kwa mpira na bandeji hali ilizidi kuwa mbaya. Ndizi hazikumdhuru, lakini hazikumsaidia. Ukikosa maji na chumvi mwilini, sioni kwa nini msuli ukaze mkono mmoja tu, kwenye wimbo uleule, kila Ijumaa.

Uamuzi wa kwanza: apumzike

Alipokuja nilimsikiliza, nikampa gitaa langu apige. Alipiga vizuri kwa dakika 20, na kidole gumba kikibana kuliko inavyohitajika, kama nionavyo kwa wapigaji wengi. Nikaamua kwamba msuli umechoka na unahitaji muda. Nikamwambia asiguse gitaa kwa wiki mbili. Kwa kuwa analipwa kwa kila onyesho, alikuwa anapoteza fedha za maonyesho manne. Kiongozi wake alikubali kwa shingo upande, akamweka kijana wa mazoezini.

Wiki mbili zilipoisha alipanda jukwaani. Mkono ulikaza kwenye wimbo wa tatu, mapema kuliko kabla ya mapumziko.

Kilichonifumbua macho sikukipata kwa maarifa, nilikiona getini. Kesho yake alikuja na pikipiki yake, akasimama, akazima, na kabla hajashuka akauachia mkono wa kushoto kwenye klachi na kuukung'uta. Akavinyoosha vidole kimoja kimoja kwa kuvivuta na mkono wa kulia. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofuta jasho. Nikamuuliza, kaka, hizi wiki mbili ulipumzika vipi? Akanijibu kwamba kwa vile fedha za bendi zilikatika, alikuwa anatoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 4 usiku.

Kwa hiyo mkono haukupumzika hata siku moja. Niliuondoa kwenye gitaa, nikausukuma kwenye klachi.

Nikaomba niivute klachi ile. Ilikuwa ngumu kiasi kwamba ilinibidi nitumie vidole vyote vinne. Waya wake ulikuwa umekauka na umeanza kuchanika nyuzi kwenye mkunjo. Hebu fikiria foleni ya jioni mjini: vuta, achia nusu, vuta, achia, mita kumi kwa mita kumi, saa nzima. Misuli inayokunja vidole haimo ndani ya vidole. Imelala kwenye kigasha, na inavuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo inayovuta klachi, ndiyo inayobana kodi, yaani nyuzi kadhaa zinazolia pamoja, ndiyo inayominya ule mpira wa kijiweni. Na msuli ukibanwa kwa nguvu bila kuachiwa, unajiminyia mishipa yake wenyewe, damu inapita kwa shida, uchovu unajaa haraka. Kaka R. alikuwa anaupa msuli mmoja kazi tatu, na kazi ya tatu aliiongeza kama tiba.

Uamuzi wa pili: vyombo kabla ya mkono

Kitu cha kwanza kilikwenda kwa fundi pikipiki wala si kwangu. Waya wa klachi ukabadilishwa, ukatiwa oili, na fundi akausogeza mkono wa klachi uwe karibu na usukani ili vidole visijinyooshe mbali. Siku hiyohiyo mpira wa kuminya nilimwomba anipe. Bado uko kwenye droo yangu.

Kisha nikalipima gitaa la stoo. Kwenye freti ya 12, yaani kile chuma chembamba cha 12 kwenye shingo, waya mnene ulikuwa umekaa milimita 3.2 juu ya freti, wakati kwa gitaa la umeme milimita 2 zinatosha. Shingo ilikuwa imepinda mbele, nikaikaza chuma cha ndani kidogo kidogo kwa siku mbili. Kosa baya zaidi lilikuwa kule kichwani, kwenye kile kipande cheupe chenye mifereji ya kupitishia nyuzi. Mifereji ilikuwa haijachimbwa vya kutosha. Kipimo chake ni rahisi: bonyeza waya kwenye freti ya 3, halafu angalia uwazi uliobaki juu ya freti ya 1. Unatakiwa kuwa mdogo kama unene wa karatasi. Kwa gitaa hili ningeweza kupitisha piki, kile kipande kigumu cha kupigia nyuzi. Kulaza kidole kwenye freti za mwanzo za gitaa la namna hiyo ni adhabu, na hakuna mazoezi ya kukuzoesha adhabu.

Nyuzi nazo. Waya mwembamba kabisa wa namba 12, ukitunwa, yaani ukikazwa hadi sauti ileile, kwenye gitaa lilelile, unavuta kwa asilimia 44 zaidi ya ule wa namba 10, kwa sababu mvuto unafuata uzito wa waya, na uzito unafuata unene mara unene. Tukarudisha 10. Nilipendekeza pia bendi nzima itune nusu sauti chini, jambo ambalo lingepunguza mvuto kwa takriban asilimia 11 nyingine, lakini waimbaji walikataa na wapuliza tarumbeta wakacheka. Niliwaelewa.

Nilipomrudishia gitaa alibana kodi ya kwanza, akaangalia vidole vyake, akaiachia, akaibana tena. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, mwalimu, kumbe nilikuwa napigana na mbao.

Uamuzi wa tatu: kumfundisha mkono kuachia

Tulifanya zoezi moja kwa siku, dakika 10. Unaweka kidole juu ya waya bila kubonyeza, karibu kabisa na freti, si katikati ya freti mbili. Unapiga kwa mkono wa kulia mfululizo, na huku unaongeza nguvu ya kushoto taratibu mno. Kwanza sauti imekufa, kisha inakwaruza, kisha inasafika. Pale inaposafika tu, simama. Hiyo ndiyo nguvu yote inayohitajika. Kila kinachozidi hapo unakilipia wewe na msikilizaji hakipati.

Kaka R. alipofika pale sauti iliposafika hakuamini. Alidhani nimemchanganyia gitaa. Nikamwambia aendelee kubonyeza kama anavyobonyeza jukwaani: ncha za vidole zikawa nyeupe, kigasha kikatuna, na sauti haikubadilika ila ilipanda kidogo, yaani alikuwa anajitoa mwenyewe kwenye tuni.

La pili lilikuwa kidole gumba. Tulipiga mchoro wa sebene kidole gumba kikiwa hewani kabisa, hakigusi shingo, gitaa likishikiliwa na mkono wa kulia na mbavu. Huwezi kupiga hivyo onyesho zima, na sikukusudia hivyo. Nilitaka aone kwamba uzito wa mkono wenyewe unafanya sehemu ya kazi. Tukaupandisha na mkanda kwa upana wa viganja viwili, maana alilivaa gitaa chini sana na kifundo kilikuwa kimekunjwa kama shingo ya korongo. Kano zikipita kwenye kifundo kilichokunjwa zinafanya kazi kwa shida.

La tatu lilimgusa heshima yake, nami nililisema kwa tahadhari. Kwa nini analaza kidole juu ya nyuzi zote sita? Besi ipo, gitaa la pili lipo, kinanda kipo. Nyuzi tatu za chini upande wa mlio mwembamba zinatosha kubeba mchoro, na zinasikika safi zaidi kwa sababu hazigombani na besi. Alijibu kwamba aliyemfundisha alimwambia anayepiga kodi nusu ni mvivu. Sikubishana na mwalimu wake. Nilimrekodi kwa simu akipiga kwa njia zote mbili, nikampa asikilize akiwa kwake.

Ilivyofeli tena, na sababu yake

Nyumbani kwangu, wiki ya tano, alipiga dakika 45 bila tatizo. Ijumaa iliyofuata mkono ulikaza ukumbini. Si kwa ukali wa zamani, lakini ulikaza.

Nikaona si haki kuendelea kumhukumu mtu kwa kumtazama sebuleni. Nikaenda ukumbini, nikakaa pembeni mwa jukwaa. Amplifaya yake ilikuwa chini sakafuni, nyuma ya miguu yake, imeelekea kwenye magoti. Upande wa kushoto matoazi ya dramu, upande wa kulia kinanda. Kabla ya mapumziko alikuwa anapiga laini kama tulivyofanya mazoezi. Sebene la kwanza lilipochanganya, dramu ikapanda, naye akapotea kwenye masikio yake mwenyewe. Niliona bega lake la kushoto likipanda kuelekea sikioni, kidole gumba kikabana, pumzi ikasimama. Hakuwa anajisikia, kwa hiyo alikuwa anatafuta sauti yake kwa kubonyeza. Mkono wa kushoto hauongezi sauti ya gitaa la umeme, lakini mwili haulijui hilo; mtu asiyejisikia anapiga kelele kwa kila kiungo alichonacho.

Wakati wa mapumziko tukachukua kreti mbili tupu za bia, tukapandisha amplifaya juu yake, tukailaza nyuma kidogo ili uso wake utazame kichwa cha Kaka R. na si magoti. Fundi mitambo alinung'unika, kisha akatusaidia. Hatukuongeza sauti hata kidogo. Sehemu ya pili ya usiku ilikwisha bila mkono kukaza. Katika kisa chote hiki, hakuna jambo lililogharimu kidogo na kuleta mengi kama zile kreti mbili.

Hospitali

Ni katika wiki hiyo ya tano nilipomsihi aende akapimwe, na ilitakiwa iwe wiki ya kwanza. Mkono unaokaza unaweza kuficha mambo mengine. Ganzi au kuchomachoma kwenye gumba, shahada na cha kati, hasa kunakomwamsha mtu usiku, huashiria mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo. Ganzi ya kidole kidogo inaelekeza kwenye kiwiko. Sukari ikipanda kwa muda mrefu hukakamaza viungo vya mikono. Na kuna hali ninayoiogopa zaidi kwa wapigaji: vidole kujikunja vyenyewe bila maumivu, kwenye ala tu, huku vikifanya kazi nyingine zote vizuri. Hapo kasoro iko kwenye amri ya ubongo, msuli wenyewe hauna kosa. Mpiga piano wa Marekani Leon Fleisher alipatwa nayo mkono wa kulia katikati ya miaka ya 1960, akabaki akipiga nyimbo za mkono wa kushoto, akifundisha na kuongoza okestra, na alirudi kupiga kwa mikono miwili katika miaka ya 1990 kwa msaada wa matibabu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia afanye mazoezi zaidi, unamwongezea tatizo.

Kaka R. alikuwa na maumivu na ugumu, na mkono ulikaza kwenye klachi pia, si kwenye gitaa peke yake. Hakuwa na ganzi. Daktari alimpima sukari, akamtuma kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, ambaye hakuona dalili ya mshipa kubanwa. Alimpa mazoezi ya kunyoosha vidole kwa nje, kinyume cha kuminya, kwa kutumia mpira mwembamba wa kufungia karatasi uliozungushwa kwenye ncha za vidole. Alimkataza bandeji ngumu.

Matokeo

Mwezi wa nne tangu aje kwangu tulikaa tukahesabu. Katika maonyesho 10 ya wiki tano za mwisho, mkono ulikaza mara moja, siku aliyokuwa amepeleka abiria Kibaha na kurudi mara mbili kabla ya kupanda jukwaani. Aliutambua mapema, akahamia kwenye nyuzi tatu, akashusha bega, akamaliza wimbo. Ijumaa sasa anaegesha pikipiki saa 10 jioni. Fedha anayoikosa kwa saa hizo ni ya kweli, na mkewe alimuuliza kuhusu hilo, lakini walikubaliana kwamba nafasi yake kwenye bendi ikienda kwa yule kijana watakosa zaidi.

Kidole kidogo bado kinachoka kabla ya vingine. Na nyuzi tatu? Aliniambia mpiga solo ndiye aliyetangulia kuzisifu, bila kujua kilichobadilika.

Uchambuzi

Kosa langu kubwa lilikuwa kuuliza "unapiga gitaa kwa muda gani" badala ya "mkono huu unafanya nini tangu unapoamka". Ningeuliza hilo siku ya kwanza, asingepoteza fedha za maonyesho manne kwa mapumziko ambayo hayakuwa mapumziko. Siku hizi namwomba kila anayekuja na mkono unaokaza anionyeshe kwa vitendo siku yake: fundi seremala anaonyesha randa, mama anayesuka nywele anaonyesha vidole vyake, kondakta anaonyesha anavyoning'inia mlangoni.

Kosa la pili ni kuzoesha mkono mahali penye utulivu na kuupeleka kwenye kelele bila daraja. Tulichokifanya sebuleni kilikuwa sahihi, lakini mwili ulijifunza kuachia ukiwa unajisikia. Leo ningeweka muziki wa dramu kwa sauti kubwa katika zoezi la wiki ya pili.

Siwezi kusema kwa uhakika ni kipi kilichoponya kwa kiasi gani. Klachi na gitaa vilitengenezwa wiki moja, na kutenganisha mchango wake haiwezekani tena. Ninachoweza kusema ni mfuatano: kutengeneza vyombo kuliondoa ukali, mazoezi ya kuachia yalirefusha muda, na kreti ziliondoa kilichobaki ukumbini. Dawa ya kuchua ilipunguza maumivu kwa saa moja, na saa hiyo aliitumia kubana zaidi.

Jambo lililotufaa ambalo sikulipanga ni mpiga besi. Tulimweleza kila kitu, akawa anamtazama Kaka R. bega. Bega likipanda, anamgusa kwa kiwiko. Mpigaji akiwa ndani ya sebene hajioni, anahitaji jicho la mwenzake.

Ramadhani inakaribia na bendi itasimama mwezi mzima. Safari hii sikumwambia apumzike. Mapumziko ya mwezi yakifuatiwa na Idd, maonyesho siku tatu mfululizo, yangemrudisha tulikotoka. Tumekubaliana dakika 20 kila usiku baada ya futari, gitaa likiwa kwenye amplifaya, redio ikiwa juu, na wiki ya mwisho dakika 40. Nyuzi namba 10 seti tatu amekwisha nunua na kuzihifadhi.